Fuata Unyevu: Kutafuta Vyura Adimu na Viumbe wa Vijito, Usambara Mashariki

Aliyejifunza kazi hii kwa kutazama video za Wamarekani wapenda salamanda, ndugu wa vyura wenye mkia na umbo la mjusi, huanza kwa kugeuza mawe. Anaingia kijitoni mchana kweupe, anainua jiwe, analirudisha, anainua la pili, na jioni ikifika amekutana na kaa wawili watatu na mgongo unamuuma. Mbinu yenyewe haina ubaya, ila imehamishwa kwao ikaletwa kusikokuwa kwake. Salamanda wa milima ya Appalachia, ambao wengi hawana mapafu kabisa, hupumua kwa ngozi na hushinda mchana chini ya mawe yenye ubaridi. Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa porini hata mmoja. Barani Afrika wako kaskazini tu: Moroko, Aljeria, Tunisia. Huku kwetu nafasi yao kwenye vijito vya milimani imegawanywa kati ya vyura, ndugu zao wasio na miguu waitwao sisilia, na kaa wa maji baridi, na kila mmoja ana namna yake ya kujikinga na ukavu.

Kwa hiyo kabla ya kuvaa buti, jiulize unyevu uko wapi saa hii. Saa nane mchana uko ndani ya udongo, ndani ya mianzi, kwenye makwapa ya majani ya mgomba na kwenye uso wa mwamba unaorushiwa maji na maporomoko. Saa mbili usiku, mvua ikiwa imepita, umetapakaa msitu mzima, na wanyama nao wametapakaa.

Mifano mingi hapa ni ya Usambara Mashariki, kuanzia bondeni Zigi hadi Amani, takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Ni moja ya safu 13 za milima ya Tao la Mashariki, linaloanzia Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Namna ya kutafuta inafaa kwingine kote humo, lakini orodha ya wanyama hubadilika ukivuka bonde moja tu. Chura wa maporomoko wa Usambara ni Arthroleptides martiensseni; ukifika Uluguru au Udzungwa utamkuta ndugu yake, Arthroleptides yakusini, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2002. Usibebe orodha ya Uluguru ukaitumia Amani. Makosa mengi ya utambuzi huanzia hapo.

Majira kwanza. Usambara Mashariki haikauki kabisa mwaka mzima, ila vilele ni viwili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Wiki mbili za mwanzo wa mvua zina faida kuliko katikati ya masika. Madume ndiyo kwanza wameanza kuita, vijito havijajaa, na njia bado zinapitika. Katikati ya masika utawasikia wengi lakini hutaweza kusimama mtoni. Januari na Februari si miezi ya kupuuza. Maji yakiwa madogo ndipo inawezekana kukagua miamba ya maporomoko ambayo Aprili haisogeleki.

Kwa saa za usiku, anza saa moja na nusu, giza likiwa limeshika sawasawa, na ufunge kazi saa tano. Ukianza saa kumi na mbili na nusu utakuwa umepoteza betri na uchangamfu bure. Baada ya saa tano wanyama bado wapo, lakini macho ya watafutaji yameshachoka, na mtu aliyechoka hutazama bila kuona. Kijito kile kile kikaguliwe pia mchana, kabla ya usiku wake wa kwanza: kujua kina, kuweka alama za utepe kila mita 10, na kuchagua mahali pa kutokea kwa haraka.

Vibali visichukuliwe kijuujuu. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani iko chini ya TFS, wakala wa misitu, utafiti wa wanyamapori Tanzania unapitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na mashamba ya wanakijiji yana wenyewe. Anza miezi kadhaa kabla. Barua ya chuo peke yake haitoshi kukamata mnyama, na kukamata ni pamoja na kumshika mkononi dakika mbili kwa ajili ya picha.

Vifaa ni vichache. Tochi mbili kwa kila mtu, moja ya kichwani na moja ya mkononi, na betri za akiba. Buti za mpira zenye meno makali. Viatu vyenye soli ya kitambaa kizito vinashika vizuri kwenye jiwe lenye ukoko lakini havisafishiki, na sababu ya kuvikataa itaonekana mbele. Makopo ya plastiki yanayoonesha ndani, ya nusu lita, yaliyotobolewa vitundu kwenye kifuniko. Chujio la chai la matundu madogo kwa viluwiluwi, na beseni jeupe la kuwamwagia. Kipimajoto, kalipa ya kupimia urefu wa mnyama, rula, penseli. Kalamu ya wino hukuangusha mvua inapoanza, yaani saa ile ile unayoihitaji.

Mtoni, tembea ukipanda, kuelekea juu. Anayeshuka na maji hutibua tope na kulitanguliza mbele yake, hivyo kila anachokikaribia kimeshapewa taarifa. Mita 100 za kijito kwa watu watatu huchukua kama saa mbili: mmoja ukingo wa kulia, mmoja wa kushoto, wa tatu katikati au nyuma akiandika. Ukimaliza kwa nusu saa, hukutafuta, ulitembea.

Tochi ya kichwani ivaliwe usawa wa macho, au ya mkononi ishikwe kando ya jicho. Jicho la chura hurudisha mwanga kule ulikotoka. Tochi ikiwa kiunoni, mng'ao unarudi kiunoni nawe huoni kitu. Vimeta vidogo vikali vya kijani vinavyozagaa kwenye majani ni buibui. Jicho la chura lina mwanga mzito zaidi, wenye wekundu au udhahabu, na mara nyingi utaona moja tu kwa sababu amekaa ubavu. Ukishaliona, usimkimbilie. Punguza mwanga, sogea kwa pembeni, na tazama kwanza amekalia nini: jiwe, jani, mzizi, umbali gani kutoka majini, urefu gani kutoka ardhini. Taarifa hizo hupotea anaporuka, na zina thamani kuliko uzito wake.

Arthroleptides martiensseni mzima ni chura mkubwa, mwenye ncha za vidole zilizopanuka kwa ajili ya kushika mwamba. Usiku hukaa juu ya mawe yaliyolowa, karibu na maji yanayokwenda kasi. Wengi humkosa kwa kumtafuta kwenye vidimbwi vilivyotulia. Viluwiluwi wake ndio kituko hasa: hawaogelei dimbwini, wanajinata kwenye uso wa mwamba ambapo maji yanateleza utando mwembamba tu, wana mkia mrefu, na ukiwagusa huruka pembeni kwa kuupiga mkia huo. Hao tafuta mchana. Simama ubavuni mwa poromoko dogo, weka jicho karibu na mwamba na uangaze tochi kwa mshazari, kivuli chao kitakuonesha. Chujio halihitajiki hapa, na kuwabandua kwa nguvu huwaumiza mdomo. Piga picha walipo.

Chujio na beseni ni kwa ajili ya kijito chenyewe. Shika wavu au chujio upande wa chini wa mkondo, tibua changarawe kwa kisigino kwa sekunde 30, kisha mimina kwenye beseni jeupe na usubiri tope litulie. Utapata mabuu ya kereng'ende, kamba wadogo, kaa wachanga wa jenasi ya Potamonautes. Tazama pia mawe yenyewe. Jiwe ambalo chini yake pana nafasi wazi na mchanga safi lina wakazi. Jiwe lililozama kwenye tope laini hadi mabegani halina kitu. Tope hilo lina chanzo: palizi ya iliki chini ya msitu, njia ya magari, au uchimbaji wa dhahabu kama ule uliovamia vijito vya eneo la Amani miaka ya 2003 na 2004. Andika unachokiona juu ya mto, maana jibu la kwa nini chura hayupo mara nyingi liko mita mia tano juu ya hapo. Maji ya mto Zigi hayo hayo ndiyo yanayonywewa Tanga mjini, hoja inayosikilizwa kwenye mikutano ya kijiji kuliko jina lolote la Kilatini.

Ukilazimika kuinua jiwe, liinue kwa kuvuta ukingo wa mbali kuja kwako, ili jiwe libaki kati yako na kilichomo. Usitie vidole usipopaona. Kumrudisha mnyama, weka jiwe kwanza kama lilivyokuwa, kisha mwache yeye kando yake aingie mwenyewe. Ukimweka shimoni na kushusha jiwe juu yake utamponda. Kila jiwe liinuliwe mara moja tu kwa usiku, na usirudie yale yale kesho. Kila jiwe linapoinuliwa, mapengo yaliyojengwa na mkondo kwa miaka yanavunjika.

Mvua ikinyesha juu mlimani huku kwenu kukiwa kukavu, mto hutoa dalili kabla ya kupanda: majani makavu yanaanza kuelea kwa wingi, maji yanageuka rangi ya chai, sauti inazidi kuwa nzito. Toka hapo hapo, kwa ukingo uliokaribu, hata kama begi liko ng'ambo.

Kwa upande wa masikio, kijito ni adui. Maporomoko humeza sauti za vyura wengi wadogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya watu kurudi wakisema "hawapo". Acha maji, ingia msituni hatua 30 au 40, zima tochi zote, kaa kimya dakika kumi. Dakika tatu za mwanzo hutasikia kitu, kwa sababu mmewanyamazisha nyinyi. Weka viganja nyuma ya masikio na ugeuke polepole. Ukipata sauti moja, watu wawili waachane mita tano hadi kumi, kila mmoja anyooshe tochi iliyozimwa kuelekea anakodhani, halafu wawashe kwa pamoja. Mihimili inapokutana ndipo pa kutafuta, na mtafute juu na chini ya jani, si juu tu.

Kwa njia hiyo hupatikana Nectophrynoides tornieri, chura mdogo anayekaa kwenye majani ya vichaka na ambaye jike wake huzaa watoto waliokamilika, bila yai kutagwa wala kiluwiluwi kuogelea. Yeye hahitaji mto. Anahitaji msitu ambao hewa yake haikauki. Callulina kreffti naye hupanda mashina na vichaka usiku wa mvua, mwendo wake wa pole, ngozi ina vinundu. Ukimshika hutoa utomvu unaonata, kwa hiyo asiwekwe kopo moja na mwingine. Wa kijani mwenye michirizi na macho makubwa, Leptopelis vermiculatus, ndiye zawadi ya wageni: mkubwa, anapigika picha, na anaita kwa subira.

Kwenye vichaka hivyo hivyo hukaa Atheris ceratophora, nyoka mdogo wa sumu mwenye magamba kama pembe juu ya macho, naye hutulia kwenye matawi ya chini, usawa wa mkono. Angaza tawi kabla ya kulishika. Siafu nao: mtu wa nyuma kwenye msafara aangaze chini, hiyo iwe kazi yake rasmi.

Yako maji mengine ambayo hayaitwi kijito. Mwanzi uliovunjika ukashika maji, kwapa la jani la mgomba, tundu la mti. Hoplophryne rogersi, chura mwenye urefu usiozidi sentimeta chache, huzaliana humo. Kagua kwa kioo kidogo na tochi. Ukipasua mwanzi umebomoa nyumba kwa ajili ya kuona sebule. Maji ya kwenye kwapa la mgomba yanaweza kuvutwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yakamiminwa kwenye kikombe cheupe, yakatazamwa na kurudishwa yote. Matundu ya miti yenye maji nayo yasirukwe, kwa maana yumo kaa, Potamonautes raybouldi, anayeishi mtini, katika misitu ya Usambara Mashariki na Shimba Hills. Wenyeji walikuwa wakimjua kabla hajapata jina lake la kitabuni mwaka 2004.

Na yuko chura Parhoplophryne usambarica, aliyepatikana Amani mwaka 1926. Kielelezo kimoja. Kila anayekagua migomba na majani yaliyooza ya Amani anamtafuta yeye pia, akikubali asikubali.

Udongoni ndipo wanapokosewa wengi zaidi. Sisilia ni ndugu wa vyura, hana miguu, na kila mkulima wa milima hii amewahi kumkata kwa jembe akidhani ni nyoka au mnyoo. Tofauti zionwe hivi. Mnyoo hana taya wala mifupa, na ukimwinua analegea na kurefuka. Sisilia ana mdomo halisi wenye meno na mwili mgumu unaosukuma vidole. Nyoka kipofu ana magamba makavu yanayong'aa, na mkia mfupi wenye mwiba mdogo. Sisilia ana ngozi yenye utelezi iliyogawanyika kwa pete. Boulengerula boulengeri wa Usambara Mashariki hana jicho linaloonekana, kwa kuwa limefunikwa na mfupa. Scolecomorphus vittatus, mwenye ukanda mweusi mgongoni, ana jambo la ajabu zaidi: jicho lake limeshikamana na kipapasio, na kipapasio kinapotoka nje, jicho linatoka nacho. Huyu wa pili hukutwa mara nyingine juu ya ardhi usiku wa mvua kubwa, akivuka njia.

Kuwatafuta ni kuchimba, na kuchimba kwenye hifadhi kunataka kibali cha peke yake. Shambani ongea na mwenye shamba, na chimba anapotaka kulima hata hivyo. Pima kiwanja cha mita moja kwa mita moja, shuka hadi sentimeta 30, na tumia jembe la meno, ambalo hukata wanyama wachache kuliko jembe la bapa. Vunja madongo kwa mkono. Viwanja kumi vilivyotawanyika vinaeleza mengi kuliko shimo moja kubwa. Penye matumaini ni chini ya migomba, kwenye lundo la samadi iliyoiva, kandokando ya mifereji, chini ya magogo yaliyolala muda mrefu. Wakati wa kiangazi wanashuka chini zaidi ya jembe lako, hivyo kiwanja kitupu cha Februari hakithibitishi chochote.

Ukifukua jike aliyejikunja pamoja na mayai au watoto, funika papo hapo na uhame. Kwa Boulengerula taitana wa milima ya Taita ilioneshwa mwaka 2006 kwamba watoto hulishwa ngozi ya mama yao: wanaikwangua kwa meno maalumu, naye huiotesha tena. Jike aliyesumbuliwa akakimbia ameacha watoto bila chakula.

Kuuliza wenyeji kuna utaratibu wake. Usianze kwa kuonesha picha. Mzee anayemheshimu mgeni atakubali kwamba amemwona, na kesho utatembea kilomita sita kwa ajili ya adabu yake. Muulize kwanza yeye: usiku wa mvua husikia nini, wapi, mwezi gani, akilima hukutana na nini, kijito kipi kilikuwa na vyura zamani na sasa kimya. Picha zije mwisho, na ziwemo mbili tatu za wanyama wasiokuwepo kabisa milimani humo. Akiwakubali na hao, unajua la kufanya na majibu mengine.

Kabla ya kumshika mnyama, mikono isiwe na dawa ya mbu wala mafuta. Ngozi inayopitisha hewa hupitisha na sumu. Yeyote anayejipaka dawa hiyo apewe kazi ya kuandika. Vaa glavu zisizo na unga, zilowe maji ya kijito kile kile, na zibadilishwe kwa kila mnyama. Kopo liwe na majani mabichi na maji ya kijiko kimoja, mnyama mmoja kwa kopo, kivulini. Chura aliyeachwa kwenye gari lililosimama juani hufa ndani ya dakika chache. Picha tano zinatosha kwa utambuzi: mgongo, ubavu, tumbo, kiganja cha mbele, wayo wa nyuma, zote zikiwa na rula. Bila picha ya vidole, mtaalamu atakujibu jina la jenasi tu. Kisha mrudishe pale pale, kabla ya alfajiri.

Fomu ijazwe hata usiku ambao hakuna kitu. Saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya watafutaji, joto la hewa na la maji, mvua ya saa 24 zilizopita, njia iliyotumika. Watu watatu kwa saa mbili ni saa sita za utafutaji, andika sita. Ukiandika usiku wa bahati tu, hakuna atakayeweza kulinganisha mwaka huu na ujao. Neno "hayupo" lisiandikwe kabla ya ziara tatu, angalau moja ikiwa ya mvua. Andika "hakuonekana". Kifaa cha kusoma mahali (GPS) husitasita chini ya miti mikubwa, kwa hiyo subiri kosa lishuke chini ya mita 10. Mahali kamili papelekwe kwa wenye hifadhi. Mtandaoni taja jina la msitu tu, maana wafanyabiashara wa wanyama nao husoma.

Kuhusu buti. Kihansi, upande wa Udzungwa, chura mdogo Nectophrynoides asperginis aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Bwawa la umeme lilipoanza kuchukua maji mwaka 2000, manyunyu yakakatika. Vikawekwa vinyunyizio vya maji, idadi ikapanda, kisha mwaka 2003 ikaporomoka, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi uligunduliwa kwa vyura waliokufa. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliohamishiwa Marekani mapema ndio waliowezesha kizazi chake kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Ukungu huo husafiri kwa maji na tope.

Kwa hiyo kila unapotoka kijito kimoja kwenda kingine, sugua tope lote kwanza kwa brashi, kwa sababu tope hudhoofisha dawa. Kisha jiki yenye asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu mbili na nusu za maji, ili ibaki takriban asilimia moja. Loweka buti, chujio na beseni angalau dakika moja, tano ni bora. Suuza kwa maji ya bomba, anika juani hadi vikauke kabisa. Pasipo na jiki, maji ya nyuzi 60 kwa dakika tano hufaa. Mchanganyiko utengenezwe upya kila siku, na umwagwe mbali na mkondo, kwenye ardhi kavu inayofyonza.